Vienna hadi Bratislava na kurudi kwa siku moja: jinsi ya kuipanga safari

Watu wengi wa kwetu wanaofika Vienna huja kwa shughuli: mkutano kwenye majengo ya Umoja wa Mataifa ng'ambo ya mto, kozi fupi, au kumtembelea ndugu aliyehamia huku. Shughuli ikiisha, mtu hubaki na siku moja mkononi kabla ya ndege, na mara nyingi siku hiyo huishia madukani. Siku hiyo hiyo inatosha kuvuka mpaka, kuutembea mji mkuu wa nchi nyingine, na kurudi kulala Vienna. Mji wenyewe ni Bratislava, Slovakia. Uko kilomita 60 hivi ukifuata mto Danube, umbali unaokaribiana na ule wa Dar es Salaam kwenda Bagamoyo.

Wageni wangu wakiniuliza waanzie wapi, huwaambia waanzie kwenye kurudi. Safari ya siku moja inajengwa juu ya saa ya kurudi na hati ya kukurudisha. Ukishavijua hivyo viwili, yaliyobaki yanajipanga. Asiyevijua huishia kutembea huku anaangalia saa, na mji hauoni.

Hatua ya kwanza: isome viza yako

Slovakia iliingia eneo la Schengen tarehe 21 Desemba 2007, na tangu hapo mpaka wake na Austria hauna kizuizi cha kudumu. Treni haisimamishwi kwa ajili ya uhamiaji, na hakuna mhuri unaogongwa. Lakini kukosekana kwa mhuri si ruhusa. Fungua pasipoti uangalie stika ya viza, mstari wa juu unaotaja viza inatumika wapi. Ikiwa imeandikwa "Schengener Staaten", au maneno hayo kwa lugha ya ubalozi uliokupa, Slovakia imo. Ikiwa imetaja nchi moja au chache kwa majina au kwa herufi zao, hiyo ni viza ya eneo maalumu. Slovakia isipotajwa hapo, usivuke.

Wengi huogopa wakiwa na viza ya kuingia mara moja. Wanadhani wakitoka Austria wameshaitumia, na kurudi ni kosa. Sivyo. Ukienda Bratislava hujatoka Schengen, kwa hiyo hujaingia upya uliporudi. Siku hiyo inahesabiwa tu ndani ya siku zako za kawaida. Hofu hiyo iweke kwa safari za nje ya eneo, kama Serbia au Uingereza. Huko ukitoka, umetoka kweli.

Mwenye kibali cha kuishi Austria abebe vyote viwili, kadi ya kibali na pasipoti. Kibali hicho kinamruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180.

Kwa ndugu zetu ambao maombi yao ya hifadhi bado yanashughulikiwa, nasema wazi: kadi mnayopewa wakati mnasubiri haiwaruhusu kuvuka mpaka, hata kwa saa mbili. Tiketi ni rahisi na hakuna geti, na hapo ndipo mtu anaposhawishika. Safari ya matembezi isije ikaharibu kesi ya miaka. Aliyekwisha kukubaliwa na kupewa hati ya kusafiria ya mkimbizi, huyo aende kwa amani akiwa na hati yake na uthibitisho wa hadhi yake.

Beba pasipoti yenyewe. Picha iliyo kwenye simu haikubaliwi. Nchi za Schengen zina haki ya kurudisha ukaguzi wa muda mipakani, na Austria imewahi kufanya hivyo kwenye mpaka huu wa Slovakia. Polisi wakipita ndani ya behewa, uwezekano wa kuulizwa wewe ni mkubwa kuliko wa jirani yako mwenye ngozi nyeupe. Ndivyo hali ilivyo, na dawa yake ni kuwa na hati mfukoni, si kwenye begi lililo juu ya rafu.

Pamoja na pasipoti weka karatasi ya bima. Bima iliyotakiwa ulipoomba viza, ile ya angalau euro 30,000, inapaswa kulifunika eneo lote la Schengen, kwa hiyo inakulinda Slovakia pia. Mwenye e-card, ile kadi ya bima ya afya ya Austria, aigeuze: upande wa nyuma ndio kadi yake ya matibabu ya Ulaya.

Hatua ya pili: chagua siku

Kama una uhuru wa kuchagua, chagua Jumapili. Vienna siku hiyo maduka yamefungwa karibu yote, wakati Bratislava yako wazi. Tatizo la Jumapili ni moja, kanisa kuu lina misa, na watalii hawaruhusiwi kuzurura ndani wakati wa ibada. Jumatatu siipendekezi, kwani makumbusho mengi ya mji hufungwa. Siku za kazi za katikati ya juma zina faida ya chakula cha mchana cha bei nafuu, nitakieleza huko mbele. Sikukuu za serikali za Slovakia, kama Julai 5 na Agosti 29, hufunga maduka, basi tazama kalenda.

Fikiria mwanga pia. Mwezi Desemba giza huingia kuanzia saa kumi alasiri. Mwezi Juni jua huonekana karibu hadi saa tatu usiku. Sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, jambo hili hutushtua. Kwa safari ya majira ya baridi, ondoka mapema na acha vivutio vya nje ya mji. Upepo wa Danube unapenya nguo. Koti la kuzuia upepo linafaa kuliko sweta mbili.

Hatua ya tatu: amua utarudi vipi, kisha uchague njia ya kwenda

Kuna treni, basi na boti. Treni ndiyo mhimili, na inafaa uelewe kwamba kuna reli mbili tofauti zinazokwenda mji mmoja. Zote zinaanzia stesheni kuu ya Vienna, Wien Hauptbahnhof, na zote huchukua kama saa moja. Ya kwanza hupita kaskazini mwa Danube kupitia Marchegg na kuishia stesheni kuu ya Bratislava, inayoandikwa Bratislava hlavná stanica, au kwa kifupi hl. st. Ya pili hupita kusini kupitia Kittsee na kuishia Bratislava-Petržalka, ng'ambo ya pili ya mto. Kwa kawaida kila reli ina treni karibu kila saa. Ukiikosa moja kwenye stesheni kuu, huenda ya Petržalka bado ipo, na kinyume chake. Reli mbili maana yake ni nafasi mbili za kurudi.

Basi huchukua takriban saa moja pia. Mengine huondokea karibu na stesheni kuu ya Vienna, mengine kituo cha Erdberg kwenye treni ya chini ya ardhi U3, na mengi hupitia uwanja wa ndege wa Vienna. Kwa upande wa Bratislava hushusha chini ya daraja la Most SNP, hatua chache kutoka mji mkongwe, au kwenye kituo kikubwa cha Nivy. Basi ndilo bora kwa mwenye ndege ya usiku: unaweza kuacha mizigo Vienna kwenye uwanja wa ndege, ukaenda Bratislava, ukarudi moja kwa moja uwanjani.

Boti ya mwendo kasi ya Twin City Liner huondoka Schwedenplatz, katikati ya Vienna, kwenye mfereji wa Danube. Kwenda, ikifuata mkondo, huchukua kama dakika 75. Kurudi, ikipambana na mkondo, dakika 90. Haifanyi kazi majira ya baridi, na mto ukijaa sana au ukipungua sana safari hufutwa. Tiketi moja ya boti kwa kawaida inazidi nauli ya treni ya kwenda na kurudi. Bado nasema ina thamani yake kama una uwezo, kwa sababu inapita katikati ya msitu wa mto, Hifadhi ya Taifa ya Donau-Auen. Msitu ule ulipona kwa watu. Desemba 1984 wananchi walipiga kambi kwenye baridi kule Hainburg kuzuia ujenzi wa bwawa la umeme, wakashinda, na mwaka 1996 eneo likatangazwa kuwa hifadhi. Unapita katikati ya miti ile ambayo ilikuwa ikatwe, na muda mfupi kabla ya Bratislava unaona mwamba wenye gofu la ngome ya Devín ukijitokeza upande wa kushoto.

Ushauri wangu: nenda kwa boti kama msimu unaruhusu, rudi kwa treni. Usifanye kinyume. Ukiikosa boti, hakuna nyingine inayofuata ndani ya saa moja, na ukiichelewa jioni umepoteza tiketi ya bei kubwa. Treni husamehe. Kama bajeti ni ndogo, nenda kwa treni ya Marchegg na urudi kwa ya Petržalka, au nenda na urudi kwa ile ile, hakuna aibu.

Sasa andika kwenye karatasi treni tatu za kurudi: unayoitaka, inayofuata, na ya mwisho ya usiku. Ratiba za Ulaya hutumia saa 24, na hapa wengi hukosea kichwani. Ubao ukisema 17:38, hiyo ni saa kumi na moja na dakika 38 jioni. Ukisema 19:38 ni saa moja na dakika 38 usiku. Andika kwa namna zote mbili ili usihesabu ukiwa na haraka. Na ratiba uitazame jana yake jioni, kwa sababu matengenezo ya reli huja, na treni hubadilishwa na basi kwenye kipande cha njia.

Hatua ya nne: tiketi

Kwa treni, tafuta tiketi maalumu ya kwenda na kurudi Bratislava kwenye mashine nyekundu za stesheni au kwenye programu ya ÖBB, shirika la reli la Austria. Haina treni maalumu wala kiti maalumu, unapanda yoyote ya siku hiyo kwenye njia inayoruhusiwa. Kabla ya kulipa, soma mambo mawili: kama inakubali reli zote mbili, na kama inajumuisha usafiri wa mjini Bratislava. Ikijumuisha, tramu na mabasi ya mji huyalipii tena.

Mwenye tiketi ya mwaka ya Austria, ile ya KlimaTicket, anahitaji kulipia tu kipande cha kutoka mpakani. Mweleze karani wa dirishani, ataelewa mara moja.

Basi na boti vinunuliwe mapema mtandaoni. Hivyo vina viti vya kuhesabika, na mwishoni mwa juma vya boti hujaa.

Hatua ya tano: pesa, simu, begi

Hapa si pa kukaa sana. Slovakia hutumia euro tangu Januari 1, 2009, kwa hiyo hakuna kubadilisha fedha. Kadi hupokelewa karibu kila mahali. Weka sarafu chache za choo. Ukitoa pesa kwenye ATM kwa kadi ya benki ya nyumbani, mashine inaweza kukuuliza kama unataka ikubadilishie kwa shilingi hapo hapo. Kataa, chagua kukatwa kwa euro, kwani kiwango cha mashine huwa cha kukuumiza.

Laini ya simu ya Austria hufanya kazi Slovakia bila gharama ya ziada ndani ya kiasi cha bando lako la Ulaya, utaratibu uliowekwa na Umoja wa Ulaya tangu Juni 2017. Laini za bei rahisi huwa na kiasi kidogo kwa matumizi ya nje, basi pakua ramani ya mji kabla hujaondoka. Programu ya Bolt unayoijua Dar, Nairobi au Kampala inafanya kazi Bratislava pia, na ndiyo msaada wako ukichoka au ukichelewa.

Begi liwe dogo. Mawe ya barabara za mji mkongwe ni ya mviringo na yana mwinuko. Viatu vya kisigino viache hotelini.

Hatua ya sita: panda juu kwanza

Ukishuka hlavná stanica asubuhi, usikatishwe tamaa na mazingira ya stesheni, hayafanani na mji. Ni mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa miguu hadi mji mkongwe, au panda tramu namba 1. Kama umeshuka Petržalka, mabasi ya mjini huvuka daraja kukupeleka katikati. Kwenye usafiri wa mjini, tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine mara unapopanda. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi, na wakaguzi hawavai sare kila mara.

Anza na ngome, Bratislavský hrad, lile jengo jeupe lenye minara minne juu ya kilima. Sababu ya kuanza huko ni ya miguu: asubuhi una nguvu za kupanda, na mengine yote yanabaki kuwa mteremko. Ngome iliteketea kwa moto mwaka 1811 na ikabaki gofu kwa zaidi ya karne moja. Unayoiona ilijengwa upya kuanzia miaka ya 1950. Kwa mtu wa siku moja, ndani si lazima. Nje ndiko kuna jambo. Simama kwenye ukuta unaotazama mto. Chini ni Danube na daraja lenye kitu kama sahani juu ya nguzo zake. Ng'ambo ni Petržalka, maghorofa ya zege yaliyopangwa safu kwa safu enzi za ukomunisti, makazi ya zaidi ya watu laki moja. Nyuma yake, siku hewa ikiwa safi, utaona vinu vya upepo vinazunguka. Vile viko Austria. Mkono wa kushoto zaidi, tambarare inaendelea hadi Hungaria. Nchi tatu kwa kugeuza shingo.

Teremka hadi kanisa kuu la Mtakatifu Martin. Inua macho juu ya mnara: badala ya msalaba utaona taji la dhahabu limewekwa juu ya mto wa kulalia. Waturuki waliiteka Buda mwaka 1541, wafalme wa Hungaria wakakosa mji mkuu, na kazi ikahamia hapa. Kuanzia mwaka 1563 hadi 1830 wafalme wa Hungaria walivishwa taji ndani ya kanisa hili. Maria Theresa alivishwa lake mwezi Juni 1741. Tazama chini sasa. Kwenye mawe ya barabara kuna vitaji vidogo vya shaba vimepachikwa, kila kimoja hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake. Vinaonyesha njia ambayo maandamano ya mfalme mpya yalipita. Vifuate. Vitakuzungusha mji mkongwe bila ramani, na kama una watoto watavitafuta wao wenyewe, nawe utapumzika kuwavuta mkono.

Kabla ya kuvifuata, zunguka upande wa kanisa unaotazama daraja. Barabara kuu inapita mita chache tu kutoka ukutani. Daraja la Most SNP lilifunguliwa mwaka 1972, na kuipisha barabara yake sehemu kubwa ya mtaa wa Wayahudi ilibomolewa, pamoja na sinagogi lililosimama ubavuni mwa kanisa. Kuna ukumbusho mahali hapo, na watalii wengi humpita mtu aliyesimama kuusoma wakikimbilia picha. Simama dakika tano. Mji huu haueleweki bila kipande hicho.

Ndani ya mji mkongwe vitu viko karibu karibu: lango la Michalská brána, ndilo pekee lililobaki katika malango ya zamani ya mji, uwanja mkuu wenye chemchemi ya mwaka 1572, na jumba la Askofu Mkuu, ambako mkataba wa amani kati ya Napoleon na Austria ulitiwa saini Desemba 26, 1805. Kwenye kona ya barabara ya Panská utakuta umati umeinama. Wanampiga picha Čumil, sanamu ya shaba ya mwanamume anayechungulia kutoka kwenye shimo la maji taka, iliyowekwa mwaka 1997. Kwa kanisa la buluu la Mtakatifu Elisabeth unahitaji kutoka kidogo nje ya mji mkongwe, kama dakika kumi kwa miguu. Mimi ningelichagua hilo kuliko kupanda mnara wa daraja. Ni buluu nje, ndani, hadi viti, na ulipotoka ngome umeshaona mandhari ya juu bila kulipa.

Hatua ya saba: kula, na kujua unachokula

Siku za kazi, tafuta kibao kilichoandikwa "denné menu". Ni chakula cha mchana cha siku, supu na sahani kuu, kwa bei ya chini sana kuliko orodha ya kawaida. Huanza saa tano na kuisha saa nane mchana, na vizuri huisha mapema. Chakula cha taifa ni bryndzové halušky, vidonge vya viazi vilivyochanganywa na jibini la kondoo, lenye chumvi na ladha kali. Mtu aliyezoea mtindi wa maziwa ya mgando hatapata shida nalo.

Kwa msomaji Mwislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, halušky humwagiwa vipande vya nyama ya nguruwe na mafuta yake juu. Sema "bez slaniny" unapoagiza, ila ujue sufuria inaweza kuwa ile ile. Kwenye orodha, bravčové ni nguruwe, hovädzie ng'ombe, kuracie kuku, ryba samaki. Salama zaidi ni samaki, au vyprážaný syr, jibini la kukaanga linaloletwa na viazi, ambalo hupatikana kila mahali. Supu ya kitunguu saumu ni tamu, lakini uliza imechemshwa na nini. Msikiti wenye mnara usiutafute, haupo. Panga swala zako kwa kuzingatia hilo: beba mkeka mwembamba, na bustani iliyo upande wa Petržalka mwa daraja, Sad Janka Kráľa, ina utulivu na nafasi.

Hatua ya nane: mchana, nenda Devín

Wengi wakishakula hurudi madukani hadi saa ya treni. Hapa ndipo ninapowaomba wageni wangu waniamini. Nenda chini ya daraja la Most SNP, kwenye vituo vya mabasi, panda basi namba 29 kuelekea Devín. Ni safari ya kama dakika 20 ukifuata mto. Tazama kwanza kituoni saa za mabasi ya kurudi, upige picha ratiba.

Devín ni gofu la ngome juu ya mwamba, mahali mto Morava unapoingia Danube. Askari wa Napoleon waliilipua mwaka 1809. Kuna kiingilio, na majira ya baridi hufungwa mapema. Ukipanda hadi juu utaona maji ya mito miwili yakikutana, na kule kwenye makutano rangi mara nyingi hutofautiana kabla hayajachanganyika. Ufukwe ule wa ng'ambo ya Morava ni Austria. Mto ni mwembamba kiasi kwamba mtu aliyeko upande wa pili unamwona nguo alizovaa.

Kisha teremka hadi ukingoni. Kabla ya mwaka 1989 usingeweza kusimama hapo. Kingo hizi zilikuwa na seng'enge, minara ya walinzi na amri ya kupiga risasi, kwa sababu mto huu ndio uliokuwa mpaka kati ya kambi mbili za dunia. Watu walijaribu kuogelea usiku. Wengine walifika, wengine waliuawa majini. Karibu na mto kuna ukumbusho wao, mfano wa lango lenye vyuma na majina. Tarehe 10 Desemba 1989, majuma machache baada ya utawala wa chama kimoja kuanza kuporomoka, maelfu kwa maelfu ya watu wa Bratislava walitembea kwa miguu kuvuka mpaka hadi Hainburg, mji wa kwanza wa Austria, na kurudi nyumbani jioni. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuvuka, ingawa walizaliwa wakiiona Austria dirishani.

Ndiyo maana nasema Devín kwanza, maduka baadaye. Asubuhi ulivuka mpaka huo huo umekaa kwenye kiti, pengine unasoma ujumbe wa simu. Ukiwa pale ukingoni unaelewa ulivuka nini. Sisi tunaojua foleni za ubalozi, barua za mwaliko na taarifa za benki za miezi kadhaa, tunaielewa thamani ya mpaka usio na geti kuliko wenyeji waliozaliwa ukiwa tayari wazi.

Kaa saa moja na nusu, si zaidi. Rudi na basi lile lile.

Hatua ya tisa: kurudi

Kuwa stesheni dakika 20 kabla. Hlavná stanica ni ndogo lakini njia zake za chini kwa chini huchanganya. Ubao wa kuondoka una neno "Odchody", na Vienna inaweza kuandikwa Wien au Viedeň. Namba ya jukwaa huonyeshwa na hubadilika, kwa hiyo itazame tena kabla ya kushuka ngazi. Kama unarudi kwa Petržalka, ongeza muda wa kuvuka daraja. Jioni za siku za kazi magari hujaa, kwani wafanyakazi wengi wa Bratislava wanaishi vijiji vya Austria kama Kittsee na hurudi makwao saa hizo hizo.

Kaa na pasipoti mfukoni hadi ufike. Ukaguzi, ukiwepo, mara nyingi hufanywa kwa wanaoingia Austria.

Ukiikosa treni uliyoitaka, fuata karatasi yako: inayofuata, kisha ile reli nyingine. Zote zikiisha, mabasi ya kwenda uwanja wa ndege wa Vienna huendelea hadi usiku, na kutoka uwanjani kuna treni na mabasi ya kuingia mjini. Ukifika hapo pia umechelewa, Bolt au teksi ya kuvuka mpaka ipo, lakini kubaliana bei kabla ya mlango kufungwa.

Kwa anayesafiri na wazazi wazee au watoto wadogo, punguza: acha kupanda ngome kwa miguu, chukua teksi hadi juu, tembeeni mji mkongwe, kisha Devín mwende kwa basi na mkae chini ukingoni bila kupanda gofu. Njia ya kando ya mto ni tambarare, ina viti, na kigari cha mtoto kinapita bila shida.